Vibarua wakikatwa vidole, lawama ni za nani?

Msomaji, ukipita Industrial Area jijini Nairobi alfajiri utawaona wamejaa barabarani, wanaume kwa wanawake, wakitembea kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben kwenda kusimama kwenye malango ya viwanda. Anayebahatika kuitwa ndani amepata kibarua cha siku hiyo. Huenda hajawahi kugusa presi, ile mashine inayobonyeza bati bapa likawa sufuria, wala ile inayoyeyusha plastiki ikatoa ndoo na mabeseni. Atafundishwa papo hapo kwa dakika chache, aghalabu na mwenzake ambaye naye aliingia juzi. Kisha kengele hulia, mashine huwashwa na mikono huanza kuingia na kutoka.

Mikono hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumzie. Kila mara kidole kinapokatika kiwandani, neno la kwanza kusikika ni "uzembe". Msimamizi atalisema, mwajiri atalirudia, na la kusikitisha zaidi ni kwamba hata majeruhi mwenyewe, akiwa kitandani hospitalini na mkono umefungwa bandeji, atakuambia kwamba alikuwa mzembe. Nadhani neno hili limetumika kupita kiasi. Limewafanya watu wengi wanyamaze na kurudi nyumbani wakiwa wamepungukiwa vidole na pia haki yao.

Tufanye hesabu ndogo. Kibarua anayelisha presi mara kumi kwa dakika huwa ameingiza mkono mara 600 kwa saa, na mara 4,800 katika zamu ya saa nane. Ukimtaka asikosee hata mara moja kati ya hizo 4,800, leo, kesho na mwaka ujao, awe na njaa au usingizi, au mtoto awe mgonjwa nyumbani, basi unamtaka awe malaika. Presi ikiteremka haijui kama chini yake kuna bati au kiganja cha mtu.

Waliobuni mashine walilijua jambo hili zamani. Ndiyo maana presi nzuri huja na vitufe viwili vilivyotengana, ambavyo ni lazima vibonyezwe kwa wakati mmoja, kila mkono na chake, ndipo chuma kiteremke. Mikono yote miwili ikiwa kwenye vitufe haiwezi kuwa mahali pengine. Mashine nyingine zina ngao, yaani wavu au kifuniko ambacho kikifunguliwa tu mashine huzimika yenyewe. Msumeno wa mviringo wa seremala una kofia yake. Mkanda unaozungusha kinu cha posho hutakiwa kuzibwa kwa wavu ili usimvute mtu kwa shati.

Lakini si ajabu ukaingia karakana na kukuta kitufe kimoja kimekwamishwa kwa kijiti au kufungwa waya, ili mkono mmoja ubonyeze huku mwingine ukilisha bati. Ngao imefunguliwa skrubu zake na kuegemezwa ukutani, nayo imejaa vumbi. Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba inachelewesha kazi. Na ni kweli, inachelewesha. Mtu anayelipwa kwa idadi ya vipande, au aliyeambiwa kwamba asipofikisha kadhaa kesho asirudi, ataiondoa ngao hiyo kwa mikono yake mwenyewe, na msimamizi atageuza uso upande wa pili. Ajali ikitokea ndipo msimamizi yuyo huyo atakapouliza, "Nani alikuambia uitoe?"

Ajali nyingine hutokea mashine ikiwa imezimwa. Mmoja ameingiza mkono kusafisha rola au kutoa kipande kilichokwama, na mwingine, asiyemwona, anawasha swichi. Dawa yake ni rahisi mno: kufuli. Anayesafisha afunge swichi kuu kwa kufuli na ufunguo uwe mfukoni mwake hadi amalize. Kufuli moja ina bei gani kwa mwenye kiwanda?

Na kuhusu glavu, kuna waajiri wanaojigamba kuwa wamewanunulia wafanyakazi glavu na kwa hivyo kazi yao imekwisha. Glavu ni nzuri kwa mtu anayebeba mabati yenye makali au chuma cha moto. Lakini karibu na kitu kinachozunguka, kama rola, mkanda au keekee ya umeme, glavu ni hatari kuliko mkono mtupu, kwa kuwa hunaswa na kuuvuta mkono mzima ndani. Hali kadhalika mikono mirefu ya shati, pete, saa na lesi za aproni.

Sheria haina kigugumizi katika jambo hili. Tangu miaka ya 1950, enzi za mkoloni, sheria ya viwanda nchini imekuwa ikitaka sehemu hatari za mashine zizibwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 ilirudia sharti hilo na kuongeza kwamba mtu asiwekwe kwenye mashine kabla hajafundishwa hatari zake, na kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi wenyewe. Waulize vibarua kumi kama wanamjua mwakilishi wao katika kamati hiyo. Wengi watakutazama tu.

Sasa tuje kwa jeraha lenyewe, maana hapa ndipo msaada wa mtu aliye karibu unaweza kuokoa kidole au kukipoteza kabisa.

Mkono ukiwa umenaswa, zima umeme kwenye swichi kuu kwanza. Usimvute mtu kwa nguvu, kwa sababu utamchuna ngozi na kumkata kano. Ukishamtoa, chukua kitambaa safi, kandamiza jeraha kwa nguvu na uinue mkono juu ya kiwango cha moyo. Kandamiza bila kuchungulia kila dakika. Vua pete zote mapema kabla vidole havijavimba. Usifunge waya au kamba kwenye shina la kidole. Usitie majani ya chai, mafuta ya taa, grisi wala udongo, ingawa wazee wa karakana watakushauri hivyo. Na usimpe majeruhi chakula wala chai ya kumtuliza, kwa kuwa huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji.

Kama kidole kimekatika kabisa, kitafute. Watu wengi hukiacha sakafuni kwa hofu, au hukiokota na kukitumbukiza katika maji ya barafu, spiriti au hata maziwa. Yote hayo hukiharibu. Kisuuze taratibu kwa maji safi bila kukisugua, kizungushie kitambaa safi kilicholowa maji kidogo, kisha kitie ndani ya mfuko usiopenya maji. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwaka wa 2017 huenda usiupate kwa urahisi, lakini glavu mpya ya mpira iliyofungwa fundo au mkebe mdogo wenye kifuniko utafaa. Mfuko au mkebe huo ndio uwekwe kwenye maji yenye vipande vya barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu, la sivyo nyama yake itaungua kwa baridi.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu kidole hakina misuli mingi, na hivyo huvumilia kukosa damu kuliko kiungo kikubwa. Kikiwa kwenye joto la kawaida kinaweza kuunganishwa hata baada ya muda wa saa 12 hivi, na kikiwekwa kwenye baridi ipasavyo muda huo huweza kufika saa 24. Kiganja kizima au mkono ni jambo jingine, kwa kuwa ndani yake mna misuli, na muda wake ni kama nusu ya huo. Mtu akicheleweshwa katika zahanati moja, kisha nyingine, kisha akaambiwa angoje gari la kampuni, muda huo umekwisha akiwa bado njiani.

Usidhani jambo hili ni la ng'ambo tu. Ni kweli kwamba ilikuwa mwaka wa 1963 huko Shanghai, China, ambapo madaktari waliunganisha mkono wa fundi wa kiwanda uliokuwa umekatwa na mashine, na miaka miwili baadaye Wajapani wakaunganisha kidole gumba kilichokatika kabisa. Lakini hata hapa kwetu, mwaka wa 2018, madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta waliunganisha mkono wa kijana mmoja uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Ilikuwa kazi ya saa nyingi, kuunganisha mifupa, kano, neva na mishipa ya damu iliyo myembamba sana, moja baada ya nyingine.

Hata hivyo nisikutie matumaini ya bure. Kidole kilichokatwa na kisu au msumeno, mkato safi, kina nafasi nzuri. Kilichopondwa na presi au kung'olewa na rola mara nyingi hakiunganishiki, kwa sababu mishipa yake imesagika au imenyofolewa kutoka mbali. Mwamuzi ni daktari bingwa, na ndiyo maana kidole kisitupwe na mtu mwingine kabla yeye hajakiona.

Liko pia jeraha moja linalodanganya. Mtu anayetumia bomba la kunyunyizia rangi au la kupigia grisi kwa shinikizo kubwa anaweza kuchomwa kidoleni na kubaki na tundu dogo kama la sindano. Halitoki damu nyingi, na maumivu ya mwanzo ni madogo. Atafuta, ataendelea na kazi, na kesho kidole kitakuwa kimevimba na kugeuka rangi, kwa kuwa rangi au grisi imesambaa ndani kufuata kano. Jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitalini saa ile ile na daktari aambiwe wazi ni kitu gani kilichoingia. Kwa vidonda vyote hivi, usisahau chanjo ya pepopunda.

Baada ya upasuaji watu hudhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mkono una mifupa 27 na kano zinazoteleza kama kamba ndani ya mirija. Zikilala wiki nyingi bila kusogezwa hugandamana, na kidole kilichookolewa hubaki kigumu kama kijiti, kikizuia hata vile vizima kufumba ngumi. Mazoezi ya viungo, yanayoanza siku ile daktari anaporuhusu na kuendelea kwa miezi, ndiyo yanayorudisha kazi ya mkono. Lakini mazoezi hayo yanataka nauli ya kwenda kliniki mara mbili au tatu kwa wiki, na kibarua asiye kazini hana nauli. Hapo ndipo mikono mingi hupotea mara ya pili, tena kimya kimya, bila kelele za mashine.

Kuna mengine ambayo majeruhi huona haya kuyasema. Kidole kisichokuwepo huwasha na kuuma usiku, naye huogopa kumwambia mkewe asije akadhaniwa amerukwa na akili. Si wazimu. Neva zilizokatwa bado zinapeleka habari kwenye ubongo, na ziko dawa za kupunguza maumivu hayo. Kigutu huuma kwenye baridi ya Julai. Na wapo wanaume wanaotembea mkono ukiwa mfukoni miaka nenda miaka rudi, wasiende arusi wala matanga, kwa kutotaka kusalimiana. Fundi aliyezoea kuitwa kila mahali huanza kuulizwa kama ataweza. Ikiwa una jirani wa namna hiyo, mpe mkono umsalimie kama kawaida. Usiutazame, na usimwulize ilikuwaje mbele ya watu.

Nimebakisha habari ya fidia, na hapa naomba msomaji unisikilize kwa makini, hasa ukiwa mke, mume au ndugu wa mtu aliyeumia, maana mwenyewe kwa wakati huo hana akili ya makaratasi.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ilipitishwa mwaka wa 2007 na kuchukua mahali pa ile ya zamani. Ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipoiunga mkono mnamo Desemba 2019. Kwa sheria hiyo, madai hayaanzii kortini bali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mwajiri hutakiwa kuiripoti ajali kwa Mkurugenzi katika muda wa siku saba baada ya kupata habari, na madai ya fidia yawasilishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali itokee. Mwajiri pia ndiye anayebeba gharama za haki za matibabu, zikiwemo usafiri na hata kiungo bandia. Anayeshindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi hustahili malipo wakati anapouguza jeraha, kwa muda usiozidi mwaka mmoja.

"Mimi ni kibarua tu, sina barua ya kazi," utasikia mtu akisema. Sheria inatambua mkataba wa mdomo pia, na anayelipwa kwa siku au kwa kipande ni mfanyakazi kama wengine. Na lile neno uzembe? Kuteleza na kusahau si sababu ya kunyimwa fidia. Kinachoweza kumnyima mtu ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haumnyimi ikiwa ameachwa na ulemavu mkubwa. Kwa hivyo msimamizi anapokuambia kwamba huna chako kwa kuwa ulikuwa mzembe, anakuambia maneno yake, si ya sheria.

Jihadhari na bahasha. Siku ya tatu au ya nne hivi huja mtu kutoka ofisini, mwenye maneno matamu, na elfu chache za "kukusaidia na chakula". Pamoja na bahasha hiyo huwa kuna karatasi ya kutia sahihi, na pengine ahadi kwamba utarudishwa kazini ukikubali mambo yaishe kinyumbani. Pesa pokea ukitaka. Karatasi usiitie sahihi kabla hujasomewa na mtu wako unayemwamini. Kumtisha au kumshurutisha mfanyakazi afanye jambo la kumkosesha haki yake chini ya sheria hii ni kosa.

Lakini sheria yenyewe ina kasoro ambayo sioni ikizungumzwa vya kutosha. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia kulingana na jedwali, na kidole gumba kina asilimia kubwa kuliko kidole kingine chochote, jambo ambalo ni sawa, kwa kuwa bila gumba huwezi kushika nyundo. Asilimia hiyo huzidishwa kwa mapato ya miezi 96. Sasa tazama. Kibarua anayepata Sh15,000 kwa mwezi, akipimwa asilimia kumi, atapata Sh144,000. Meneja wa kiwanda hicho hicho anayepata Sh150,000, akiumia vile vile, atapata Sh1,440,000. Meneja atarudi mezani akashike kalamu na simu kwa vidole vilivyobaki. Kibarua hana kingine cha kuuza ila mikono. Kadiri mtu anavyolipwa kidogo, ndivyo kidole chake kinavyokuwa rahisi kwa mwajiri, na ndivyo inavyokuwa nafuu kuiacha ngao pale ukutani.

Sheria inampa waziri uwezo wa kuweka kiwango cha chini cha fidia hiyo. Vyama vya wafanyakazi vinavyopiga kelele kila Mei Mosi kuhusu mishahara vingefanya vyema kudai kiwango cha maana, kitakachomwezesha mtu aliyepoteza vidole kufungua hata kioski. Wakaguzi nao watoke ofisini. Makao makuu ya idara yao yako papo hapo Industrial Area, si safari ya kupanda ndege.

Kwa wakati huu, fanya haya uliyo na uwezo nayo. Weka stakabadhi zote za hospitali, hata ya bandeji. Andika tarehe, saa, jina la mashine na majina ya waliokuwa zamu. Mwajiri au kampuni ya bima ina siku 90 za kulipa tangu madai yawasilishwe kwake. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi una siku 60 za kuwasilisha pingamizi. Na mwombe mwenzako aipige mashine picha kwa simu siku ile ile ya ajali, kwa maana kesho yake asubuhi, mkaguzi akija, utakuta ngao imerudishwa mahali pake na kupanguswa vumbi.